Phanice Ashikiwa Dirisha

Mwaka 1996 hukuhitaji kuuliza ni nani pale kwenye mtaa wa mabanda wa Lindi aliyekuwa akisomea diploma. Ungemsikia mwenyewe. Phanice Musimbi alisoma kwa sauti ya juu, na kuta za mabati hazikuzuia hata neno moja. Plot nzima, vyumba vyote vya kupanga vilivyozunguka ua, ilijua hatua za kumwajiri mtu. Mama wa mandazi alikanda unga huku akinong'ona, "Tangaza kazi, pokea barua, chuja, hoji," na watoto walifukuzana wakiitana meneja na kibarua. Ukimwambia apunguze sauti, Phanice alikuomba msamaha kwa heshima zote, kisha akaendelea vilevile.

Nani angemlaumu? Alikuwa na furaha mpaka miguu haikutulia. Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi alikuwa akipanda hadi ghorofa ya nne ya chuo kimoja mjini kujifunza usimamizi wa wafanyakazi. Sasa ilibaki pepa moja tu. Pepa hiyohiyo ilimponyoka mwaka uliotangulia, alipolala na malaria siku ya mtihani, na sheria ya chuo ilikuwa kali: ukiikosa mara ya pili, unarudi mwanzo, miaka mitatu yote upya. Safari hii alikuwa ameapa kuwa hata akiwa na homa ya kumtoa mvuke atafanya.

Siku za kazi alikuwa karani wa mahudhurio katika kiwanda kidogo cha kushona sare za shule, Kawangware. Alitembea kutoka Lindi kabla jua halijachomoza vizuri, madaftari kwenye mfuko wa nailoni, midomo ikicheza. Akifika alikaa nyuma ya kidirisha. Vibarua walipanga foleni nje, kila mmoja akipitisha kadi yake, naye akiandika jina na saa.

Hapo ndipo vita vilipokuwa. Watu wa Lindi na wa mtaa jirani wa Kambi Muru walikuwa na desturi yao. Mtu akiugua, au mtoto wake akilazwa, hakuiacha siku ipotee. Alimpa kadi dada, shemeji au jirani aende amshikie. Anayeshika aliitika jina la mwenye kadi mpaka jioni, na hakuna aliyeona kwamba huo ni uongo. Ni ujirani tu. Phanice naye alikuwa akifumba macho zamani, lakini tangu aanze kusoma habari za rekodi na taratibu, alikuwa moto wa kuotea mbali.

"Kadi ni ya mtu, si ya familia!" alikuwa akisema, na kidole juu.

Aliyemsumbua zaidi alikuwa Seline Akoth, jirani yake wa mlango wa tatu, ambaye kila mtu alimwita Mama Daisy. Seline hakuwa na kadi yake mwenyewe. Alishikia watu, leo huyu, kesho yule.

"Mama Daisy, leo wewe ni nani?"

"Leo mimi ni Sella."

"Sella ni mrefu kukushinda."

"Nimepungua, yawa. Si unaona maisha?"

Foleni ilicheka, Phanice akabana midomo asicheke, na Seline akarudishwa nyumbani. Hakukasirika. Siku nyingine alikuja tena, akiwa Nduku.

Ratiba ya mtihani ikatoka: Jumanne, saa tatu asubuhi hadi saa sita. Phanice aliibusu ile karatasi mbele ya watu, akaipeleka moja kwa moja kwa mwenye kiwanda, Bwana Kavoi, kuomba ruhusa.

Bwana Kavoi aliisoma mara mbili. "Jumanne tunapeleka sare elfu mbili," alisema. "Karani asipokuwa dirishani, nani atajua nani ameingia? Hapana."

"Bwana Kavoi, nikikosa hii naanza upya."

"Basi nenda. Lakini ukienda, usirudi."

Jioni hiyo plot ilishangaa, maana kwa Phanice kulikuwa kimya. Seline alipochungulia alimkuta ameketi juu ya kitanda, madaftari mapajani, machozi yanamtoka kwa hasira. Akamweleza yote. Seline alisikiliza huku akichambua sukuma wiki.

"Nitakushikia," alisema.

"Eti nini?"

"Dirisha. Enda ufanye pepa. Mimi Jumanne ni Phanice."

"Mama Daisy! Hicho ndicho kitu ninachokataza!"

"Ndiyo maana nakijua poa. Nani amesimama hapo dirishani mara nyingi kama mimi? Nakuonanga ukiandika. Saa, jina, nambari ya kadi, unapiga mstari."

Phanice alifungua kinywa kukataa, akakumbuka miaka mitatu, akakifunga. Dakika chache baadaye alikuwa akicheka na kulia pamoja, akimfundisha Seline daftari la mahudhurio, na plot ikatulia kwa kuwa kelele zilikuwa zimerudi.

Jumanne! Hebu mwone Phanice ndani ya ukumbi wa mtihani, sketi imepigwa pasi, kalamu tatu zimepangwa mstari. Karatasi ilipogeuzwa, swali la kwanza lilikuwa hili: eleza jinsi ya kumtambua mtu anayeifaa kazi. Nusura apige vigelegele. Aliandika mpaka vidole vikamuuma, akaomba karatasi ya ziada, akaomba nyingine. Alieleza matangazo, barua, vyeti, mahojiano, mambo yote ambayo hata mama wa mandazi angeyaeleza. Alipita pepa hiyo, tena vizuri sana. Nisikuweke roho juu. Matokeo yalitoka Machi, na makelele ya siku hiyo sitayasimulia, huenda yanasikika hata sasa.

Lakini siku yenyewe hakujua hayo. Alichojua ni kwamba amemaliza, na kwamba huenda kazi hana. Alitoka mjini mbio, furaha na hofu zikipigana kifuani, na kufikia saa saba na nusu alikuwa kwenye lango la kiwanda akihema. Lori la sare lilikuwa limekwisha kuondoka. Bwana Kavoi alikuwa amesimama kando ya kidirisha, na Seline ameketi ndani, wima.

"Nilimkuta huyu saa nne," Bwana Kavoi alisema. "Nikamuuliza, wewe ni nani? Akanijibu bila haya, leo mimi ni Phanice."

Phanice alianza kuomba msamaha, lakini Bwana Kavoi aliinua mkono.

"Nilikuwa namtupa nje. Halafu akaja mama mmoja na kadi ya mwenzake. Huyu akamrudisha palepale, mbele yangu. Eti kadi ni ya mtu, si ya familia."

Seline aliinamia daftari asionekane akitabasamu.

"Kisha akaniambia daftari lina watu sitini na wanne, lakini kwa mashine ameenda akahesabu sitini na mmoja. Watatu wanaandikisha asubuhi, wanatoroka na mlango wa nyuma. Wewe uliwahi kutoka hapo ukahesabu?"

"Hapana," Phanice alisema polepole.

"Nilisema usirudi. Lakini naona hukutoka, dirisha lilikuwa na Phanice tangu asubuhi." Bwana Kavoi alijikuna kichwa, kama mtu aliyeshindwa kujua akasirikie wapi. "Sasa niambie, wewe si unasomea kuchagua watu? Huyu umemfukuza mara ngapi?"

Phanice alimtazama Seline.

"Kumi na moja," Seline alisema.

"Mwandike," Bwana Kavoi alisema. "Kwa jina lake. Atakuwa akihesabu watu kwa mashine." Akaenda zake.

Phanice aliingia ndani ya kile chumba kidogo, akafungua ukurasa wa wafanyakazi wapya. Akaandika jina, mtaa, tarehe. Palikuwa na sehemu moja ambayo hakuweza kuijaza, ingawa walikuwa wameishi wakitenganishwa na milango mitatu tu kwa miaka minne.

"Mama Daisy, shule ulifika wapi?"

"Form Four. Nilipata Division Two."

Kalamu ilisimama. Phanice mwenyewe alikuwa na Division Three, daraja moja chini.

"Na hukuwahi kuniambia?"

Seline hakusema kwa ubaya. "Hapo dirishani," alijibu, "unaulizanga kadi tu."