Ngazi Niliyomjengea Mbwa

Shule nilisoma mpaka darasa la pili, na la pili lenyewe sikulimaliza, maana mwaka ule mto ulijaa mapema na baba akasema mikono yote iende shamba. Kwa hiyo atakayekuta nimeandika kombo asome hivyo hivyo. Jambo lenyewe nalijua vizuri. Niliwahi kujenga ngazi, mbwa akaipanda mwenyewe kwa miguu yake, akaingia kulala kwenye hema lililokuwa juu ya paa la gari. Katika bonde zima la Kilombero sijasikia mwingine aliyefanya hivyo, na kama yupo ajitokeze, nitampa mkono.

Ilikuwa miaka ya tisini, kiangazi, mpunga tumeshauingiza ndani. Kwetu ni Michenga, lakini kupika nilijifunzia Ifakara, kwenye hoteli karibu na stendi. Hoteli ya chai na maandazi, siyo ya kulala. Mwenye hoteli alikuwa mkali, sukari aliifungia kwa kufuli, lakini hayo tuyaache. Akaja mama mmoja mzungu, mtu wa makamo, kazi yake kuhesabu sheshe, wale swala wekundu wanaokaa kwenye majani karibu na mto. Alitaka mpishi ambaye pia anajua njia za bondeni. Kazi ya msimu mzima, mpaka mvua. Mimi nyumbani nyasi za paa zilikuwa zimeoza, na mke wangu nilikwisha kumwahidi mabati kabla ya masika. Msimu mzima maana yake mabati. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Gari lake lilikuwa na kitu kama sanduku bapa juu ya paa. Ukilifungua linasimama hema, na ngazi nyembamba ya chuma cheupe inashuka mpaka chini. Watu sokoni walilicheka. Mimi sikucheka, niliona ni dungu. Sisi tangu kwa babu zetu tunalala hivyo: wakati wa kilimo unahamia shamba la mpunga, unajenga dungu, yaani kibanda juu ya nguzo, maji yapite chini, nguruwe pori wapite chini, wewe uko juu na mkeo na watoto na kuku. Na mbwa pia, maana mbwa ukimwacha chini chui anamchukua. Mzungu yeye dungu lake kaliwekea magurudumu, ndiyo tofauti tu.

Mbwa alikuwa naye. Mbwa mweusi, manyoya mengi, masikio yamelala, uzito karibu nusu gunia la mpunga. Tulipopiga kambi bondeni, kila jioni mama alimweka begani kama kondoo, akapanda naye ile ngazi taratibu, wakalala wote huko juu. Mimi na dereva tulilala kwenye hema letu la chini. Dereva alikuwa mtu wa Ifakara mjini, wazee wake walitoka Kilwa kufanya biashara, mtu wa swala tano. Mbwa hakumgusa hata kwa ncha ya kidole.

"Mimi na yeye tuna heshima yetu," alisema. "Yeye kwake, mimi kwangu. Akinilamba nina kazi ya kujitwaharisha mpaka adhuhuri."

Siku ya nne mama aliteleza. Mbwa begani, mguu ukakosa kidato, wakashuka wote wawili kama mzigo. Mbwa hakuumia, alimwangukia mwenyewe. Mama bega likavimba, mkono akaufunga kwa kanga yangu. Nikajaribu kumbeba mbwa mimi, akanionyesha meno yote mpaka ya nyuma, nikamwacha. Ndani ya gari hakukuwa na nafasi, masanduku yalijaa mpaka darini. Na asubuhi ile ile tulikuta nyayo za chui mchangani, zimezunguka gari, zimesimama karibu na ngazi. Ukiziona utadhani mtu amekuja kukagua.

Mama akaziangalia, akamwangalia mbwa. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Baba, mbwa huyu siwezi kumlaza chini. Kesho tufunge mizigo. Ninyi mtalipwa siku zenu, mimi nitarudi kwetu nikatibiwe."

Nikayaona mabati yangu yanapaa. Nikamwambia, "Mama, nipe leo tu mpaka jua lizame. Kwetu mbwa anapanda mwenyewe."

Dereva akakohoa. "Mpishi, kwenu mbwa wanapanda na mama huyu anashuka na bega. Angalia usimwongezee la pili."

"Wewe shika panga unikatie matete," nikamwambia, "maana matete hayalambi."

Alicheka, akaenda.

Ngazi ya dungu anayopanda mbwa si kama ya mtu. Haisimami, inalala kama mtu aliyeegemea. Unachukua miti miwili mirefu, unafunga vijiti karibu karibu, upana wa kiganja kati ya kimoja na kingine, halafu unasukia matete juu yake, mbwa asione chini. Akiona chini amekwisha. Nilianza kabla chai haijapoa. Kamba za magome zilikuwa kwenye mzigo wangu, mzigo niliopewa na shemeji yangu mvuvi, kwenye dago lao, kambi ya wavuvi kule mtoni. Nikafunga vizuri, nikakaza kwa meno, nikaita watu waje waone.

Mbwa alikuja mbio. Nikavimba kichwa. Akafika kwenye kijiti cha kwanza, akalala chini, akaanza kutafuna. Nikamwita, hakusikia. Akahamia cha pili. Shemeji yangu, nisimseme vibaya, kamba zile alifungia kambale wa kubanikwa msimu mzima, na mimi mtu wa bondeni pua yangu imezoea kambale, sikusikia harufu yoyote. Kabla sijamfikia, vijiti vitano vilikuwa vimelegea na mbwa anajilamba.

"Umempikia ngazi," dereva akasema. "Kweli wewe mpishi."

Hata mama alicheka, huku ameshika bega. Mimi niliona aibu, nakiri. Nilitaka kumtupia mtu lawama na mtu mwenyewe hakuwepo. Basi nikafungua kamba zote, nikazitupa mtoni, nikaenda mpaka kwenye miombo kuchuna magome mabichi. Jua lilikuwa utosini niliporudi. Wali wa mchana siku hiyo alipika dereva, na chumvi alisahau, lakini nilikula nikanyamaza.

Mara ya pili sikuita mtu. Niliilaza ngazi chini, palepale kwenye majani, nikamwomba mama atembee juu yake. Mbwa akamfuata. Wakaenda, wakarudi, wakaenda, wakarudi, mpaka mbwa akaona ni njia tu kama njia nyingine. Tukainua ncha moja tukaiweka juu ya kichuguu kifupi. Akapanda, akashuka. Dereva ndiye aliyeshika ngazi isiyumbe, amekunja kanzu yake, mbwa akipita yeye anageuza uso.

Halafu tukaiweka juu ya boneti ya gari. Mbwa akapanda vizuri. Kushuka akagoma. Alisimama kwenye boneti, miguu inatetemeka, analia kama mtoto mdogo, na mama na mkono wake mmoja hakuweza kumfuata. Hapo ndipo penye kazi, baba yangu alinionyesha. Mbwa kupanda hana taabu, anaangalia mbele. Akishuka anaiona ardhi inamjia usoni, ndipo anaogopa, na asiposhuka leo, kesho hapandi tena. Na dawa yake ni aone mwingine anashuka kama yeye.

Mbwa mwingine wa kumwonyesha hakuwepo, hata kuku hatukuwa nao. Nikavua viatu nikapanda boneti. Nikamgeuzia mbwa makalio, nikainama kwa mikono na magoti, kichwa kikatangulia chini. Mimi, baba wa watoto watano, ninayeitwa kwenye vikao vya mahari.

"Mpishi," dereva akaniambia polepole, "nikikuona na mkia nitakimbia."

"Shika ngazi," nikamjibu, maana damu ilikuwa imejaa kichwani.

Nikashuka kiganja kwa kiganja. Matete yalinikwaruza ndevu. Katikati nikasikia pumzi ya moto kwenye nyayo zangu, nikajua anakuja. Sikugeuka, nilishuka tu mpaka mikono ikagusa majani, nikajiviringisha pembeni, na mbwa akapita, akajikung'uta, akarudi kupanda bila kuambiwa. Akashuka. Akapanda tena. Ikawa mchezo wake, mpaka tukamwonea huruma.

Jua likiwa linaelekea milima ya Udzungwa tuliipandisha ngazi mpaka mlangoni mwa hema. Mbwa aliitazama kidogo, akainusa, akapanda mpaka juu, akaingia, akageuka na kutoa kichwa nje kutuangalia. Ile ngazi ya chuma ya mama ilikuwa imesimama upande wa pili. Mama aliitazama, akaja kwenye yangu, akaipanda mwenyewe kwa mkono mmoja, taratibu, vijiti vikimpokea. Huko juu akasema, "Baba, kesho unga wa uji upo?"

Nikasema upo, na wa kesho kutwa pia.

Tulikaa mpaka mawingu ya kwanza yakaja. Tulihama mara nyingi kufuata sheshe, na kila tulipohama dereva mwenyewe ndiye aliyeifunga ngazi juu ya gari, kabla ya sufuria, akikagua kila fundo. Siku moja tulikutana na Wasukuma wanahamisha ng'ombe. Mmoja wao, mzee mwenye fimbo ndefu, baada ya kuamkiana akauliza ngazi pana namna ile ni ya kupandia nini.

"Ya mbwa, mzee," dereva akamjibu. "Na fundi wake ndiye huyu hapa."

Mzee akaja mpaka kwenye gari, akavuta kamba moja kwa nguvu, haikulegea. Akanitazama, akatikisa kichwa kwa kukubali, akaenda kwa ng'ombe wake.