Alama Nne Nilizompa Mnara

Mume wangu alikuwa tarishi wa ofisi miaka thelathini na moja. Alibeba barua za watu kwenye ngazi, juu na chini, mpaka goti lake la kulia likasema basi. Alipostaafu alikaa nyumbani miezi minne akiangalia mlango. Kwa hiyo niliposikia, pale chuoni ninapofanya usafi, kwamba mhandisi mmoja anatafuta watu wa kutembea na simu, nilimwombea nafasi. Habari za goti sikuzitaja.

Kazi ilikuwa hivi. Watu saba walifungwa simu kiunoni, wakazunguka viwanja kwa njia walizochorewa. Simu hizo hazikutegemea mnara. Sauti iliyotoka getini ilipokewa na simu ya kwanza, ikarushiwa ya pili, vivyo hivyo mpaka ikafika kwenye chumba cha kusikilizia. Zilikuwa za waokoaji, siku mafuriko yakiangusha minara. Humo sisi wasikilizaji, maana nami nilichukuliwa, tulisikiliza kwa zamu, mmoja mmoja, karani wa getini akisoma sentensi. Sauti safi tuliipa tano, isiyosikika tuliipa moja. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kusikia hakudai cheti.

Mume wangu alipewa njia ya nyuma ya maktaba, katikati kabisa. Wenzake wakamwita Mnara, naye akalipenda jina. Jioni nilimkanda goti kwa maji ya moto, akisema, "Leo nimewabeba wote, mama watoto."

Wiki ya pili, saa nne na nusu asubuhi, kwenye zamu yangu, sauti ikaanza kukatika. Karani alisoma sentensi ya watu walio juu ya paa, mimi nikapata "watu" na "paa" tu. Kesho yake, saa ile ile, ikakatika tena. Zamu ilipokwisha nilichungulia dirishani nikamwona mzee wangu kwenye ngazi za maktaba, kofia mapajani. Alikuwa amebaki nyuma, na simu ya mwenzake wa mbele ilikuwa imeshakwenda mbali. Niliogopa ataachishwa. Nikaandika nne.

Niliandika nne siku tisa.

Mhandisi akaanza kukonda. Mashine yake ilionyesha theluthi ya sauti inapotea njiani, na msikilizaji anasema ni nzuri. Alirudia hesabu mpaka macho yakawa mekundu. Mwisho akaniambia kwa upole, "Mama, nadhani masikio yako ndiyo yenye haki. Nitaandika kwamba hata ikikatika hivi, inawatosha waokoaji."

Siku hiyo sala ilinishinda. Kila nikianza, nasikia watu, paa, watu, paa. Nikamweleza mume wangu yote.

"Kumbe mimi ndiye tundu, na wewe ukaniziba," akasema. "Kamwambie kijana wa watu. Ukiona haya nitakwenda mwenyewe, ila unajua nitachelewa kufika."

Nilikwenda. Mhandisi alisikiliza bila kunikatiza, kisha akachukua kalamu nyekundu akazifuta nne zangu moja moja. Nilidhani ndiyo mwisho wetu. Badala yake akauliza mzee hukaa ngazi ipi, kwa dakika ngapi. Akasema waokoaji nao ni watu, watachoka, na yeye kwenye ramani yake hakumchora hata mmoja aliyechoka. Mzee aendelee kukaa pale pale, na mapumziko yake yataandikwa kwenye hesabu. Ila anayetoa alama asiwe anayejua nani amekaa.

"Sawa, mwanangu," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka hata kushukuru vizuri.

Kesho yake saa nne na nusu nilikuwa nadeki ukumbini. Mlango wa chumba cha kusikilizia ulikuwa wazi. Mama mshonaji, aliyechukua zamu yangu, alikunja uso, akatega masikio, akaandika mbili. Nje, Mnara alikuwa kwenye ngazi, mguu ameunyoosha, yuko kazini. Nikakamua tambara, nikaendelea.