Mbwa wa Mama Mkwe

Siku ya kwanza kuripoti kazini, Bwana Mifugo wa Wilaya alinitazama viatu kabla ya kunitazama usoni. "Kijana," akasema, "daktari wa mifugo hapigi debe. Mwenye ng'ombe mgonjwa atakutafuta mwenyewe." Nikaitikia, ndiyo mzee. Niliyashika maneno hayo kwenye majosho ya kuogeshea ng'ombe, na baadaye kwenye ofisi ya mjini Mwanza. Gari la serikali, chanjo ya serikali, na watu wananivulia kofia.

Miaka ya tisini ikaja na soko huria. Tukapunguzwa kazini, tukaambiwa tujiajiri. Nikafungua duka la dawa za mifugo Igoma, nikakaa kwenye stuli kusubiri kutafutwa. Walionitafuta ni nzi.

Ndipo tukaitwa semina. Asubuhi mkufunzi, binti wa rika la mwanangu, alitufundisha kutabasamu na kumfuata mteja, sisi wazee wenye mvi. Mchana akaja kwenye saratani ya mbwa, ile wanayoambukizana wakipandana, inayowatoa damu sehemu za siri. "Inatibika," akasema. "Sindano ya mshipa kila wiki mpaka uvimbe uishe. Ila wenye mbwa wanaona haya kusema. Tangazeni ninyi, waziwazi!"

Haya. Siku ya mnada Kisesa nikaazima kipaza sauti cha kwaya, nikapanda juu ya kreti la soda. "Mbwa wako anatokwa na damu sehemu za siri? Anapanda ovyo? Mlete kwa daktari!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikageuka kuwaonyesha chupa ya dawa, na hapo mbele yangu amesimama mama mkwe.

Jamani! Kwetu Usukumani mama mkwe unampisha njia, humtazami usoni, na maneno ya chini ya kiuno huyataji akiwa karibu. Mimi nimeyapigia kelele mnada mzima. Mama akajifunika kanga, akaondoka. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Umemvua mama nguo mbele za watu," mke wangu aliniambia nyumbani. "Na alikuja kukutafuta wewe! Mbwa wake Bosi anatokwa na damu, chakula hagusi. Sasa mama anasema heri mbwa afe kuliko kukuita."

Bosi ndiye aliyelinda mbuzi wa mama, mjane anayeishi peke yake. Bila yeye, fisi wangemaliza zizi. Nikaenda na mke wangu, uso chini kama mwizi.

Mama alijifungia ndani. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Mke wangu akamshika mbwa, nikatafuta mshipa. Dawa ile ikimwagika nje ya mshipa inaunguza nyama, nikaisukuma polepole.

"Mwulize daktari, atapona?" sauti ikatoka ndani. Nilisikia vizuri kabisa, lakini nikasubiri mke wangu anifikishie.

"Mwambie atapona. Lakini mwambie pia mbwa wake asipande jike lolote mpaka nimalize sindano."

"Thubutu! Hilo mimi kwa mama sisemi. Sema mwenyewe, si ulilisema mnadani?"

Nikapiga magoti, nikamshika mbwa masikio. "Bosi," nikasema kwa sauti, "ufungwe kamba. Usifuate majike mpaka upone. Umesikia?"

Kisha ndani: "Bosi, mwambie mkwe wangu nimesikia. Na wiki ijayo asichelewe."

Bosi alipona. Taratibu wateja wakaanza kuja kutoka Kisesa, hasa akina mama, wakinong'ona, "Tumeelekezwa kwako." Sikuuliza nani aliwaelekeza. Nilijisifu kwamba ni matunda ya semina.

Nimeshastaafu sasa. Mama alipofariki, jirani yake alinisalimu msibani: "Kumbe ndiwe! Mama yetu alikuwa akituambia, mbwa akiumwa pale pasipotajika, nendeni kwa mkwe wangu, ana mkono mzuri." Nilikaa pale na masikio yakiwaka. Miaka yote alinilisha, nami sikuwahi kumpa asante, hata ya kupitia kwa mbwa.