Meza ya Kocha Moning

Mtu akikuambia Hermogenes Villarba, yule Kocha Moning, alikuwa mwema, mwulize kama aliwahi kupigwa na ndala yake. Akikuambia alikuwa shetani, mwulize nani alimsomesha. Mimi nilimpikia miaka thelathini na minne, nusu yake kwenye jiko la chuo, nusu kwenye mgahawa wangu hapa Cebu, Ufilipino, na mpaka leo sijui nimweke upande gani. Wengine wote mjini wanajua. Ndiyo maana siwapendi wanapoanza kumzungumzia.

Alikuwa kocha wa mpira wa kikapu chuoni, naye alikuwa mfupi. Wachezaji wake wote walimpita kichwa, naye aliwafokea akiwa amesimama juu ya benchi. Kila Aprili alipanda meli akazunguka visiwani kutafuta vijana warefu waliokuwa wakibeba magunia ya mbata, akakaa na wazazi wao, akala walichokuwa nacho, akasema, "Nipeni huyu miaka minne. Nitamrudisha na cheti na meno yote."

Baba mmoja kule Bantayan alimwuliza, "Meno ya nani, Kocha? Yake au yako?"

Kocha alicheka mpaka akalia, na kijana akapatikana. Wengi wao wakawa walimu, mabaharia, maaskari. Lakini njiani walipiga magoti juu ya choroko kavu kwa kupoteza mpira ovyo, wakarushiwa ndala, wakaamshwa saa kumi alfajiri kusali rozari na kukimbia. Choroko zile zile nilizipika jioni. Msiniulize.

Teroy Paculba alitoka Siquijor, kisiwa ambacho huku kwetu kinaogopwa kwa wachawi. Usiku wake wa kwanza kwenye bweni, chini ya jukwaa la uwanja, wenzake walihamisha mikeka yao hadi ukutani.

"We Teroy, usinitazame hivyo. Kesho nina mtihani."

"Nimeshakutazama. Pole sana."

Nilipenda ulimi wake. Alikuwa akija jikoni kunimenyea vitunguu bila kuombwa, akiniita Nang, kama tunavyomwita mwanamke mkubwa kwa heshima, akiniambia habari za baba yake, ambaye hakuwahi kumwona akicheza ila alikuwa akikata matokeo kwenye magazeti ya kufungia samaki na kuyabandika ukutani. Mimi sina mtoto. Basi mjue nilivyomwona yule kijana.

Mwaka 1981 tukafika fainali. Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Ijumaa kabla yake, nikiwa napepeta mchele, akaja mtu wa telegramu. Telegramu zote za bweni zilipitia jikoni kwa sababu ndipo palipokuwa na mtu mchana. Nikatia sahihi, nikaifungua, kwa umbea wangu tu. Ilikuwa ya Teroy: BABA MAHUTUTI. ANAKUULIZA. NJOO.

Nilikimbia nayo kwa Kocha na mikono yangu ikiwa na vumbi la mchele. Meli ya Siquijor ilikuwa inaondoka jioni ile ile. Nyingine ilikuwa Jumatatu.

Kocha aliisoma mara mbili. Kisha akaikunja ndogo, akaitia mfuko wa shati.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mimi tu."

"Basi hujaiona."

"Kocha, baba yake anamwuliza."

"Luming, nisikilize. Kwetu hakuna mzazi anayezikwa kabla watoto hawajafika. Baba yangu tulimweka siku kumi na moja tukimngoja kaka yangu atoke melini. Siku kumi na moja! Maiti anangoja, sembuse mtu aliye hai? Jumapili anacheza, Jumatatu anapanda meli na kombe mkononi. Baba yake atapona kwa furaha."

Watu wa nje wanadhani alisema hivyo kwa ukatili. Hapana. Aliamini. Sote tumekulia katika kungoja: tunamngoja aliyeko Manila, aliyeko Saudia, tunamweka mzee sebuleni na barafu na maua mpaka wa mwisho atokee. Kungoja kwetu ni kitu cha uhakika kama wali. Na mimi, nilipomsikia, nikajishawishi kwamba nimeelewa. Jioni ile nilimpakulia Teroy kichwa cha samaki, kipande anachokipenda. Meli ilipiga honi bandarini huku akifyonza mifupa.

"Nang Luming, leo umenipendelea. Kuna nini?"

"Kula, nyamaza."

Tulishinda kwa pointi mbili. Teroy alifunga thelathini na moja. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo vijana walikuwa wakimwagiana maji, nami nimesimama mlangoni na ndoo ya juisi ya ndimu, Kocha alipotoa ile karatasi, imelowa jasho, akampa. Teroy akasoma. Kisha akasoma tarehe.

"Hii ni ya Ijumaa."

"Ndiyo."

"Nani aliipokea?"

Ndoo ilikuwa nzito ghafla. Kocha hakunitazama hata kidogo.

"Mimi. Aliniletea mwenyewe yule mtu wa telegramu, pale langoni. Mimi tu, Dong," alisema, kama tunavyomwita kijana huku kwetu.

Nilipaswa kusema hapo hapo. Nilimimina juisi.

Baba yake alifariki Jumapili ile ile saa tisa, mpira ukiwa katikati. Walimngoja Teroy, kama Kocha alivyosema, na alizikwa baada ya mwanawe kufika. Lakini mama yake alimweleza jinsi siku zile mbili zilivyokuwa. Mzee aliomba kitanda kigeuzwe kielekee mlango. Kila hatua aliyoisikia nje aliinua kichwa.

Haya alinieleza Teroy mwenyewe, alipokuja kuchukua nguo zake. Jezi na medali aliviweka juu ya meza ya Kocha. Jikoni kwangu alilia mpaka akalala juu ya gunia la mchele. "Ningejua, Nang," alisema, "ningeogelea." Nikampapasa mgongo. Mkono ule ule uliotia sahihi.

Mji ukagawanyika. Kwenye vijiwe vya kahawa watu walikaribia kupigana: kombe ni kombe, baba ni baba. Chuo kilimtetea Kocha mwaka mmoja, wa pili kikanyamaza. Aprili iliyofuata alizunguka visiwani akarudi peke yake. Wazazi walimkaribisha, wakamlisha, wakamwambia mwana ana homa. Kila kisiwa, mwana ana homa. Miaka mitano baada ya fainali ile, timu ikiwa ya mwisho, wakamfukuza kwa barua ya mistari mitatu. Mkewe akaenda kumlea mjukuu Kanada na hakurudi. Mimi nikaacha kazi mwezi ule ule, nikafungua mgahawa. Watu wakasema, tazama, mpishi wake amemfuata, kuna jambo. Hakukuwa na jambo. Kulikuwa na deni la aina nyingine, na sikuwa na pa kulipeleka ila kwenye sahani yake.

Alikula kwangu kila siku, meza ya pembeni, uso mlangoni. Watu waliingia, wakasema "Kocha!" kwa sauti kubwa ya heshima, wakaenda kukaa meza nyingine. Nimeona mgahawa umejaa watu wamesimama na sahani mkononi, na viti vitatu vya meza yake viko wazi. Yeye alikuwa akivisogeza kidogo kwa mguu, vikae kama vimevutwa kwa ajili ya mtu. Hakuna aliyekaa. Na mimi sikukaa pia. Nilikuwa na shughuli, ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nikimtazama machoni nilikuwa naona ile ndoo.

Teroy akawa mwalimu kwao. Cebu hakukanyaga tena. Ila kila Desemba boksi la samaki wakavu lilifika, limeandikwa kwa mkono wake: kwa Nang Luming, mama yangu wa Cebu. Miaka yote ile. Boksi likifika najifungia jikoni, nalia, kisha nawakaanga. Kocha aliwala bila kuuliza wametoka wapi.

Mwaka 2003, wiki tatu kabla hajatimiza miaka sabini na mitano, aliniita mezani. Alikuwa amekonda, vifundo vya miguu vimevimba.

"Luming, siku yangu ya kuzaliwa unipikie pansit. Za watu arobaini."

"Arobaini? Kocha, una jeshi gani?"

"Wewe pika. Tambi ndefu, usizikate. Mwanamke gani anakata tambi za siku ya kuzaliwa? Ndiyo maana watu wanakufa mapema mtaani kwako."

Kisha akatoa bahasha imebandikwa. Juu yake jina moja tu: Eleuterio Paculba, jina kamili la Teroy.

"Itume. Anuani unayo wewe. Iko kwenye maboksi ya samaki."

Nilihisi masikio yanawaka. Alijua miaka yote.

"Umemwandikia nini?"

"Kila kitu. Nimemwomba aje. Siwezi kwenda na jambo tumboni, Luming. Nimeeleza yote ya Ijumaa ile."

Yote. Niliiweka bahasha ndani ya pipa la mchele, nikasema kesho nitaipeleka posta. Kesho ikaja. Nilishaapa kutofungua tena barua ya mtu, na kiapo hicho nilikishika, mjinga mimi. Sikuifungua, na sikuituma. Kila nilipochota mchele niliiona, nikaifukia zaidi. Nilifikiria boksi la Desemba. Nilifikiria maneno yale, mama yangu wa Cebu, jinsi yatakavyokosekana. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, naogopa kama mtoto aliyevunja chungu.

Siku ikafika. Nilipika pansit za watu arobaini. Kocha alikuja saa mbili asubuhi, amevaa shati jeupe la sherehe, nywele amezipaka mafuta. Alikaa mahali pake. Kwetu siku ya kuzaliwa mtu haalikwi, anakuja tu. Wakaja padri, kinyozi, na mzee mmoja aliyekuwa akifagia uwanja. Walikula wamesimama, wakamtakia umri mrefu, wakaenda.

"Meli ya Siquijor inaingia saa ngapi siku hizi?" aliniuliza saa nne.

"Imeshaingia, Kocha."

"Kuna ya mchana?"

"Iko."

Saa tisa aliniuliza tena. Mtu alipopita nje, aliinua kichwa. Nilikuwa nyuma ya masufuria, nimeshika mwiko, na nilimwona akiinua kichwa, na akiinua tena, na bado sikusema. Sina neno la kuelezea nilivyojichukia, na hata hivyo sikusema.

Saa kumi na mbili alisimama. "Ana wanafunzi," alisema. "Mwalimu hawezi kuacha darasa hivi hivi." Akaniomba nimfungie pansit za kesho.

Asubuhi iliyofuata nilitoa bahasha, nikapangusa vumbi la mchele, nikavaa viatu vya kanisani niende posta. Nilikuwa bado sijavuka barabara kinyozi aliponikuta. Kocha hakuwa ameamka. Hakuamka tena.

Binti yake wa Kanada alisema tumngoje, basi tukangoja. Tulimweka kwenye mgahawa kwa sababu chumba chake hakikutosha jeneza. Nilipiga simu shuleni Siquijor nikasema Kocha amefariki, basi. Siku ya tatu mchana, wacheza karata wa mkesha wa msiba wakiwa wamekwenda kulala, mlango ukaingiza mtu mrefu mwenye mvi, amebeba boksi la samaki kwapani.

"Nang," alisema, akanichukua mkono akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama mtoto kwa mama.

Alisimama mbele ya jeneza muda mrefu. Aliyempenda na aliyemchukia angesimama vile vile. Nikaenda nikaleta bahasha. Nilimpa kwa mikono miwili.

Alisoma amesimama. Kisha akaisoma kwa sauti, polepole, labda kwa ajili ya yule aliyelala:

"Dong, siombi unisamehe. Naomba uje ule nami mara moja, kwa Luming. Usimchukie kwa kuwa ananilisha. Yeye hakujua lolote la telegramu ile. Niliipokea mimi langoni. Ni yeye peke yake ambaye hakuniacha, na hata yeye sijawahi kumwona akikaa."

Nilijishikiza kwenye kiti, kimoja cha vile vitatu.

"Ameandika lini hii?" Teroy aliuliza. "Mbona hamna tarehe?"

Kulikuwa bado na nafasi. Mtu mwingine mmoja tu ndiye aliyejua, naye alikuwa ndani ya jeneza ameshanitetea mara ya pili. Nikamwambia. Nilianza na mchele wa 1981, sahihi, umbea, kichwa cha samaki. Nikamaliza na mchele wa wiki tatu zilizopita. Sikulia. Kulia kungekuwa kuomba kitu.

Hakufoka. Aliikunja barua ndogo, akaitia mfuko wa shati.

"Siku yake ya kuzaliwa alikaa hapa?"

"Tangu saa mbili asubuhi."

"Alielekea wapi?"

Nilijua anauliza nini. Nilimwonyesha meza, kisha kiti, kisha mlango.

Teroy alitazama kiti kile, akatazama mlango, akaondoka. Kwetu mgeni wa msiba hasindikizwi, kwa hiyo nilibaki nimesimama pale pale.

Binti alipofika tulizika. Teroy alirudi, akabeba jeneza upande wa kichwa mpaka makaburini. Kwangu hakula. Hata maji hakunywa.

Samaki wa boksi lile niliwakaanga wote, nikampakulia kila aliyeingia. Nimebaki na meza. Siku hizi, wateja wakiisha, nakaa hapo.