Ndiyo ya Mwenyekiti na Masufuria ya Chama

Kosa ninaloliandika hapa halina sura mbaya. Halipigi, haliibi, halitukani. Huvaa kanzu safi na kusalimia kwa mikono miwili, na kwa hiyo husamehewa haraka kuliko makosa mengine. Ni kule kusema ndiyo ili kumpendeza aliye mbele yako, na hasara yake ukamwachia asiyekuwapo. Wengi huliita adabu. Mimi naliita woga uliofuliwa na kupigwa pasi.

Nililiona likifanya kazi yake Biryogo, mtaa wa Waislamu mjini Kigali, mwaka 1991, nilipokuwa katibu wa kamati ya chama cha vyombo. Nyumba za vichochoro vyetu zilikuwa zimechangishana kidogo kidogo, miaka mingi kabla yangu, zikanunua masufuria makubwa ya arusi, miiko mirefu kama makasia, masinia, mabusati na turubai. Mwenye arusi au msiba alichukua bila malipo, akarudisha vikiwa vimeoshwa. Sisi wanakamati hatukulipwa chochote ila chai ya tangawizi siku za vikao. Mimi nilikuwa mdogo wao wote, mwalimu wa shule ya msingi, nami nilichaguliwa kwa ajili ya mwandiko tu.

Mwenyekiti wetu alikuwa fundi cherehani, mashine yake ikiwa barazani karibu na msikiti. Vyombo vilikaa katika chumba kilichopakana na nyumba yake, na ufunguo ulining'inia nyuma ya mlango wake, mlango ambao haukujua kumfungia mtu. Mtunza vyombo alikuwa mama mmoja mnene, mjane wa dereva, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Stoo.

Hapana budi nieleze jambo moja la lugha, kwa kuwa mkasa wote umesimama juu yake. Katika Kinyarwanda, mtu akikusimulia shida yake, wewe humtupia yego, yaani ndiyo, moja baada ya nyingine, kama anayeongeza vijiti motoni. Yego hiyo haina maana kwamba umekubali. Ina maana kwamba unasikia, na aendelee. Wenye lugha yao hawapotezani humo. Lakini mwenyekiti wetu, aliyezaliwa ndani ya lugha zote mbili, alikuwa ameihamishia yego hiyo katika Kiswahili chake, mahali ambapo ndiyo inatakiwa kuwa ndiyo. Ukimwomba akupunguzie suruali kabla ya alasiri, ndiyo. Ukimwomba akuozeshe, ndiyo, inshallah. Watu walimpenda sana. Suruali zao zilichelewa.

Mwaka huo mjane aliyekaanga mandazi kwenye kona yetu alikuwa akimwoza binti yake wa pekee. Wakwe walikuwa wanatoka Cyangugu, mbali kusini-magharibi mwa nchi. Vita vilikuwa kaskazini tangu Oktoba iliyotangulia, na kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine kulihitaji karatasi ya ruhusa. Nayo ruhusa yao ilikuwa ya siku zile tu. Arusi ilikuwa Jumapili, wala haikuweza kusogezwa. Masufuria aliyaomba mapema, mbele ya kikao kizima, nasi tukamkubalia.

Ijumaa baada ya sala, Mama Stoo alikwenda kuyatoa ili yasuguliwe. Alikuta mabusati, turubai na miiko, na alama za duara sakafuni mahali masufuria yalipokuwa. Alinikuta njiani natoka msikitini, akanishika mkono wa shati bila salamu, tukaenda barazani kwa fundi.

"Bwana Mwenyekiti, masufuria yako wapi?"

"Masufuria?"

"Masufuria, ndiyo. Yale makubwa, meusi chini kama dhambi."

Fundi alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kola ya koti alilokuwa akilishona. "Yatakuwa yamechukuliwa," alisema.

"Na jini?"

"Na bwana mmoja wa mtaa wa Kimisagara, kule bondeni. Muuza maharage wa soko la Nyabugogo, mteja wangu huyu, mtu mwema sana. Ana sherehe ya wakwe Jumamosi. Alipita hapa akanieleza, nikamwitikia. Jana alileta gari, mimi nilikuwa mazikoni, mama watoto akawapa ufunguo."

"Ulimkubalia?"

"Nilimwitikia."

"Mzee wangu," alisema Mama Stoo, "kuitikia na kukubali ni ndugu, au ni mtu mmoja?"

Fundi alicheka kwa upole, akasema ndiyo.

Tulikutana baada ya magharibi. Nimehudhuria vikao vingi maishani, vya walimu na vya waumini, lakini sijaona tena watu wema wakikizunguka kitu kwa ustadi namna ile. Mmoja alimshukuru mwenyekiti kwa utumishi wake. Mwingine aliisifu subira. Katikati ya sifa hizo ikabainika kwamba kila mmoja alikuwa amejua kitu. Yupo aliyeyaona masufuria yakipita juu ya gari, akadhani yanapelekwa kuzibwa matundu. Yupo aliyesikia habari kwa mke wa fundi, akaona si heshima kumhoji mtu juu ya nyumba yake. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa ameustahi uso wa mwenyekiti, na heshima zetu zote kwa jumla zilikuwa zimembebesha masufuria yule bwana wa Kimisagara.

Yakaja mashauri. Tukusanye visufuria nyumba kwa nyumba. Pilau ya visufuria ishirini! Au wageni wapewe chai na mandazi.

"Mwanamke amekaanga mandazi mwaka mzima," alisema Mama Stoo, "halafu amwoze mwanawe kwa mandazi? Mbona tusimwambie amvishe bibi arusi gunia la unga?"

"Basi wewe una shauri gani, dada?" aliuliza mmoja.

"Tukayadai."

Hapo wote walishtuka. Kumpa mtu kisha kumnyang'anya! Tena mgeni, tena si Mwislamu mwenzetu, atatuonaje? Walisema hayo kwa sauti za chini, na mwenyekiti alikuwa akiitikia kila mmoja.

Hatukumwona mjane alipofika. Alikuwa amesimama mlangoni, unga hadi kwenye viwiko, khanga imemwanguka begani wala hakuiokota. Aliyemwambia simjui hadi leo.

"Niambieni tu kama sina," alisema. "Nikijua sina, nitajua la kufanya. Wakwe zangu wako njiani na karatasi zao. Msiniambie inshallah."

"Yatapatikana, dada yangu," alisema mwenyekiti.

Alisema kwa moyo safi, nami naamini angetoa mashine yake wakati ule kama ingepikika pilau ndani yake. Lakini nilimwona mjane akifumba macho. Ahadi ni deni, tunawaambia watoto. Yeye alikuwa amekwisha kulipwa kwa ahadi mara moja, na alikuwa akilipwa kwa nyingine.

Mama Stoo alisimama, akafunga khanga yake kiunoni. "Kesho asubuhi nakwenda Kimisagara. Mwalimu atanisindikiza. Ana maneno mazuri, huenda yakafaa kitu."

Jumamosi tuliteremka kwa miguu mpaka bondeni. Njiani nilikuwa nikipanga hotuba. Nilianza na salamu za wazee wa Biryogo, nikapitia ujirani mwema wa mitaa ya Kigali, nikaingiza Kifaransa kidogo kwa ajili ya uzito, na masufuria nikayaweka mwisho kabisa, yaonekane kama yamekuja yenyewe. Mama Stoo alisikiliza hadi tulipofika kwenye karakana za mafundi wa vyuma.

"Hotuba hiyo," alisema, "ukiimaliza, arusi imekwisha, na bibi arusi ana mjukuu."

Nyumba tuliitambua kwa migomba iliyofungwa langoni kama pambo la sherehe. Uani viti vilikuwa vimepangwa, na nyuma moto ulikuwa unawaka chini ya masufuria makubwa, mvuke unapanda, wanawake wanakoroga. Mama Stoo alinishika mkono. Sote wawili tulikuwa tumefikiri jambo lile lile: sufuria lililokwisha tiwa chakula cha wakwe haliombwi.

Alitutokea mwenye nyumba, mke wa muuza maharage, mwanamke mrefu mwenye kitenge kipya na mikono yenye masizi. Mumewe alikuwa amekwenda na gari kuongeza viti. Nilisafisha koo, nikaanza. Nilikuwa bado kwenye salamu za wazee aliponikata.

"Mwalimu, munakuja kwa sufuria?"

Nilisema ndiyo. Ilikuwa ndiyo fupi kuliko zote nilizopata kusema.

"Sufuria yenu iko pale. Hakuna mutu aligusa."

Alituongoza hadi ubavuni mwa banda la mbuzi, akainua gunia. Yalikuwepo yote, yamepangwa moja ndani ya jingine, makavu, na kitambaa cha kusugulia cha Mama Stoo kilikuwa bado ndani ya lile la juu. Yale yaliyokuwa motoni yalikuwa ya parokia yake; alikuwa ameyaomba kwa kwaya yao tangu wiki iliyopita.

Mama Stoo alikaa juu ya jiwe. "Sasa, mama," alisema, "haya uliyachukua ya nini?"

"Mimi sikuchukua. Bwana yangu alichukua. Alirudi hapa na furaha, ananiambia, fundi amenipa sufuria. Nikamuuliza, alisema nini? Ananiambia, alisema yego, yego, yego. Nikamuambia, wewe, mutu akikupa kitu anasema yego moja, kisha anauliza utarudisha siku gani. Huyu hakukupa. Huyu alikuwa anakusikiliza!"

Wanawake waliokuwa jikoni waliangua kicheko. Kumbe hadithi hiyo walikuwa wamekwisha isikia, na walikuwa wakingoja mahali pa kucheka.

"Na hukuyarudisha?"

"Nilituma mutu kwa fundi. Sufuria ni yetu kuitumia? Akajibu ndiyo. Nikatuma tena: iko mwingine anaihitaji? Akajibu ndiyo. Mama, mutu kama huyo, ukimuuliza kama amekufa atakubali. Nikasema, nitafunika na gunia. Mwenyewe atakuja."

Mama Stoo alicheka mpaka machozi yakamtoka, na baadaye nilielewa kwamba si yote yalikuwa ya kicheko. Mimi nilisimama na hotuba yangu kinywani. Usiku mzima tulikuwa tumeogopa kumkosea mtu huyu, na kumbe yeye peke yake katika mkasa wote ndiye aliyekuwa ameuliza.

Gari la mumewe liliporudi na viti, alimwagiza dereva ayapakie masufuria kabla ya jambo jingine lolote. Mumewe alisogea, mtu mpole mwenye koti lililoshonwa vizuri, akaanza kutuomba radhi kwa maneno mengi. Mkewe alimtuma kuni.

"Mwambieni fundi," alisema tulipokuwa tunapanda, "hapana haiko matusi. Siku akiniambia hapana, ndiyo yake nitaiamini."

Tulirudi nyuma ya gari, tumesimama katikati ya masufuria, na kila shimo la barabara liliyapiga kama kengele. Watu walitoka milangoni kutuangalia. Mjane alitusikia kabla ya kutuona. Tulipokata kona alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, khanga usoni kwa mikono miwili, mabega yakitikisika. Mama Stoo aliinama juu ya masufuria. Aligonga sufuria kwa kiganja, mara moja. Mjane akainuka, akajifuta, akauliza kwa sauti ya kila siku:

"Nani ana majivu ya kusugulia?"

Sijapata kusikia swali lililonipumzisha hivyo. Wakwe wa Cyangugu walifika jioni ile na karatasi zao, wamechoka na vumbi, na Jumapili walikula pilau mpaka masufuria yakakwanguliwa ukoko. Mwisho wa karamu mjomba wa bwana arusi, akiwa ameshiba na kulainika, alimwuliza mwenyekiti kama vyombo vizuri hivi vingeweza siku moja kuazimwa hadi kwao.

Mwenyekiti alifungua kinywa. Mama Stoo, aliyekuwa akikusanya masinia, alisimama akimtazama. Mjane naye alimtazama.

"Hapana," alisema mwenyekiti, taratibu, kama mtu anayejaribu meno mapya. Kisha, kwa kuwa mjomba hakuanguka wala hakukasirika, bali aliomba maji ya kunawa tu, akarudia kwa sauti ya juu zaidi: "Hapana, bwana. Ni mbali."

Jumatatu yake alimkabidhi Mama Stoo ufunguo, bila kuombwa. Hakuacha kupendwa. Na kwa mshangao wake mwenyewe, suruali zikaanza kutoka kwa wakati.

Yaliyoifikia Kigali baada ya miaka ile siyachanganyi na habari za pilau. Yana kilio chake na mahali pake. Hapa ninahifadhi siku mbili ambazo watu wachache waliojitolea, wenye nia njema na ulimi dhaifu, walikaribia kumwaibisha mjane kwa sababu ya adabu, wakaokolewa na mwanamke ambaye hakuwa na deni lolote kwao, ambaye alisikiliza ndiyo tatu na kutambua kwamba hakuna hata moja. Hatukupata kujua jina alilopewa na wazazi wake. Tulikuwa tumeondoka na masufuria bila kumwuliza. Lakini tangu siku ile, kila kikao kilipofika mahali pagumu na wazee wakaanza kuisifu subira, Mama Stoo aliweka chini kikombe chake cha tangawizi na kuuliza angesemaje, kama angekuwa ameketi nasi, Mama Hapana.