Midomo Iliyozoea Nyuma ya Pazia

Shangazi yangu anasuka nywele mchana na kuigiza jioni, na ukitaka mkosane mwambie kwamba kimoja ni kazi na kingine ni mchezo. Mimi nilimwambia mara moja tu, sirudii. Tunafanya kazi pamoja saluni, chumba kimoja chenye vioo viwili na kiti cha mteja katikati. Mteja mwenye haraka tunamsuka sote wawili, yeye upande wa kushoto, mimi wa kulia, kwa hiyo uso wa shangazi naujua kuliko wangu. Vidole vikishazoea kazi, macho yanabaki bure, na macho yangu mimi hayajawahi kukaa bure. Mama yangu husema nilizaliwa nikiuliza nani amewasha taa. Potelea mbali, kuuliza si ujinga.

Na kitu nilichokuwa nikitaka kujua siku zote ni hiki: mtu anaingiaje ndani ya mtu mwingine? Shangazi ninayemjua mimi anagombana na sinki la saluni, anaficha pipi kwenye mkoba, anacheka mpaka anakaa chini. Halafu jioni anapanda ngazi kwenda kwenye ukumbi ulio juu ya duka la rangi, anavaa kilemba cha mtu asiyekuwepo duniani, na mimi mwenye damu yake namuonea huruma huyo mtu. Nilimuuliza mara nyingi anafanyaje. Alikuwa akinijibu, "Shika nywele vizuri."

Kusema kweli, kwa miaka mingi kikundi chao kilimpa makombo tu. Alikuwa jirani, alikuwa mpita njia, alikuwa mama aliyekuja kuomba chumvi na kuondoka nayo. Mwenye makombo ana muda, basi wakampa na kazi ya nyuma ya pazia. Anasimama pale gizani na karatasi za mchezo, na mwigizaji akisahau, yeye ananong'ona neno. Ukiisikia unadhani ni kazi rahisi. Sivyo. Ukisubiri mtu akwame ndipo uanze kutafuta mstari, umeshachelewa, watu wameshaanza kukohoa. Inabidi uende na kila mtu neno kwa neno, midomo ikitembea bila sauti, ili akikwama tu, neno liwe tayari mdomoni mwako. Shangazi alikuwa hodari wa kazi hiyo. Aliokoa wafalme, mahakimu na bibi harusi, na watazamaji wakarudi makwao bila kujua.

Mwaka huu wakampa nafasi kubwa. Mchezo unahusu mwanamke ambaye mumewe aliondoka siku nyingi, kisha anarudi na begi moja, na nusu ya mchezo ni wao wawili wanazungumza. Siku aliyopigiwa simu alishangilia huku ameshika msuko wa mteja, mteja naye akashangilia kwa maumivu. Nyuma ya pazia nikarithi mimi. Nilikubali haraka mno, maana ni nani angenipa tena ruhusa ya kutazama kila kitu kwa karibu namna ile?

Nafasi ya mume akapewa Fundi Bomba. Ni fundi bomba kweli, anakuja mazoezini na mikono inayonuka sabuni ya unga, mtu mpole, sauti yake nene. Mwongozaji, ambaye hata mkewe humwita Mwongozaji, aliwasikiliza siku ya kwanza, siku ya pili, kisha akapiga makofi na kusimamisha kila kitu.

"Mama, unazungumza na nani?"

"Sijasema kitu," shangazi akasema.

"Wewe hujasema. Midomo yako imesema."

Akatoa simu, akamrekodi, akatuonyesha. Fundi Bomba alikuwa akieleza kwa uchungu alikokuwa miaka yote hiyo, na pembeni yake mdomo wa shangazi ulikuwa ukieleza vilevile, bila sauti, neno kwa neno. Tena ulikuwa umemtangulia kidogo.

"Watu watafikiri uongo wa kurudi nao umemtungia wewe," Mwongozaji akasema.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Shangazi hakucheka. Aliomba aione tena, akaitazama peke yake dirishani, na aliporudisha simu alikuwa amenywea.

Ukitaka kulaumu, laumu mazoea, yana taabu. Lakini Mwongozaji hakuwa mtu wa kusubiri mazoea yapone. Baada ya majuma kadhaa ya "midomo, mama, midomo," alimwita kando, na mimi nikasogea kando hiyohiyo. Akamwambia onyesho la kwanza atampa, kwa sababu amelisubiri maisha yake yote. Midomo ikitikisika mbele ya watu, onyesho la pili anacheza binti wa famasi. Binti wa famasi ni yule wa kaunta, kijana, mzuri, na maneno yote alikuwa ameshayashika.

Tukiwa tunashuka ngazi shangazi akaniambia, "Nikimwaga unga hapa, sirudi tena kuomba watu chumvi. Nitasuka tu." Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilimuona miaka kumi ijayo, jioni, akifagia nywele za watu na kupiga kufuli bila kuwa na pa kwenda.

Basi tukaanza dawa. Kwanza alibana meno. Mwongozaji akamuuliza kama anasubiri kung'olewa jino. Akajaribu pipi, Fundi Bomba akilia kwa majuto, mkewe anamumunya. Kisha akawa anapiga funda la maji kabla ya mumewe kuanza kusema, ili mdomo uwe na shughuli yake. Hiyo ilikwenda vizuri mpaka zamu yake ya kujibu ilipofika ghafla, na fundi akaoga. Alifuta uso, akasema kwa upole kwamba amezoea, kazini humwagikiwa na mabaya zaidi. Kadiri shangazi alivyojikaza ndivyo midomo ilivyozidi. Akiikumbuka midomo, midomo nayo inamkumbuka.

Sasa sikia. Asubuhi moja tulikuwa na mteja, mwenye duka la vitambaa, anatusimulia habari za shemeji yake aliyekuja kupumzika siku mbili akakaa mpaka akaanza kupokea wageni wake mwenyewe. Mama huyo ana kipaji, anatia chumvi mahali panapotakiwa. Nikamtazama shangazi juu ya kichwa cha mteja. Midomo imetulia tuli. Imeachana kidogo tu, kama ya mtoto anayetazama mtu akimenya chungwa.

"Shangazi," nikasema, "mbona hapa midomo haitembei?"

"Itembee iende wapi? Sijui huyu shemeji ataishia wapi." Kisha akasita na msuko mkononi. Tukatazamana.

"Vipi, kichwa kimeisha?" mteja akauliza.

Hakikuwa kimeisha, lakini sisi tulikuwa mbali. Alipoondoka nilimwambia shangazi kwamba dawa tunayo: asijue. Akanijibu kwa haki kabisa kwamba maneno ya fundi anayajua yote, na mtu hawezi kusahau kitu kwa kuamua. Hilo swali lilininyima raha. Mtu anayejua, anakuwaje hajui? Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu siku ile hazikufua dafu.

Jibu alilipata shangazi mwenyewe, mezani kwake. Mumewe wa kweli aliendesha malori zamani, na ana hadithi moja ya gari kukwama kwenye tope, ambayo ukoo mzima tunaijua kwa moyo. Akifika kwenye "nikamwambia utingo," watoto wanamalizia. Jioni ile nilikuwepo. Mzee akaanza, na mimi nikaona midomo ya shangazi ikianza safari yake. Kisha akaizuia, akaweka kijiko chini, akamkazia macho mumewe.

"Huyo utingo alikuwa nani?"

Mzee akakwama kuliko lori. "Nani?"

"Utingo. Kila siku unamwambia jambo. Ni nani?"

Mzee akatuambia. Alikuwa kijana mwenye kigugumizi aliyekuwa anaimba badala ya kuongea, maana akiimba hashikwi na kigugumizi. Usiku ule wa tope aliimba mpaka asubuhi ili dereva asiogope. Hatukuwahi kulisikia hilo, na hadithi tumeisikia mpaka imetuchosha. Mzee alisema hakuna aliyemuuliza.

Tulipokuwa tunaosha vyombo shangazi alinong'ona, kama vile yuko nyuma ya pazia. "Unajua nyuma kule nilikuwa nasikiliza nini? Makosa. Mtu akisema vizuri, mimi simsikii kabisa. Nimemsikiliza fundi miezi yote hii nikisubiri akosee."

"Na sasa?"

"Maneno yake nayajua. Yeye simjui. Nitaanzia hapo."

Toka siku hiyo akawa anapanda zile ngazi na swali moja. Leo nataka kujua kama anaogopa. Leo nataka kujua kwa nini anaweka begi chini kabla ya kusalimia. Swali hamuulizi mtu, anaingia nalo tu jukwaani kama mtu anayeingia sokoni akijua anatafuta kitu gani. Nilimuuliza kama majibu anayapata. Akasema mara nyingine, na kwamba si lazima, kutafuta kwenyewe kunatosha kumshughulisha. Siku nyingine dawa ilikubali, midomo ikatulia, na ukumbi wote ukawa na hewa nyingine. Siku nyingine Mwongozaji anakohoa tu, shangazi anaikumbuka midomo, tunarudi tulikotoka. Mpaka siku ya onyesho hakuna aliyeweza kuapa itakuwaje, na binti wa famasi alikuja amevaa vizuri sana.

Ukumbi ulijaa. Wateja wetu wa saluni walikaa safu ya pili, vichwa vyote kazi zetu. Mimi nilisimama gizani na karatasi, kidole kwenye mstari, nikiwaona wao wawili kwa ubavu. Fundi Bomba akaingia na begi. Akaliweka chini. Akaanza maelezo yake marefu ya alikokuwa, na mimi nikamsahau, nikaitazama midomo ya shangazi.

Haikutikisika. Alikuwa anamtazama yule mtu usoni, kisha shingoni, kisha mikononi, kama vile amekuja mgeni na hakumbuki walikutana wapi. Nilifurahi nikataka kupiga kelele. Fundi akamaliza. Ilikuwa zamu ya shangazi kusema, "Mlango haukufungwa hata siku moja." Ni mstari ambao kila mtu kikundini anaupenda.

Hakusema.

Nikasubiri. Nikajiambia anatulia kwa makusudi. Kisha nikaona jicho lake na nikajua hana kitu, mstari umefutika wote. Mwanamke aliyeokoa nusu ya mji alikuwa amesahau. Nikanong'ona, "Mlango." Nikanong'ona tena kwa nguvu zaidi, "Mlango haukufungwa." Mtu wa safu ya mbele alikohoa. Mwongozaji upande wa pili alikuwa ameshika kichwa. Shangazi alinisikia, naapa alinisikia, maana aliinua mkono kidogo nyuma ya mgongo wake, ishara ambayo saluni humaanisha ngoja, usivute.

"Umekonda," akamwambia Fundi Bomba.

Neno hilo halimo kwenye mchezo. Nilipitisha kidole karatasi nzima, halimo. Fundi alimtazama. Macho yake yakajaa maji kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona kwenye mazoezi hata siku moja.

"Ndiyo," akasema. "Nimekonda."

Nikasikia hata taa zikivuma. Shangazi akasogea, akaliokota lile begi sakafuni, na hapo ule mstari ukamjia wenyewe. "Mlango haukufungwa hata siku moja," akasema polepole, na mteja wetu wa vitambaa akaanza kulia kwa sauti bila haya.

Baadaye, watu walipokuwa wanashuka ngazi wakipiga soga, nilimkuta Fundi Bomba ameketi ukingoni mwa jukwaa, bado na nguo za mchezo. Shangazi alikuwa amesimama mbele yake.

"Ulijuaje?" fundi akamuuliza.

"Kujua nini, kaka?"

"Mama watoto aliondoka na wanangu. Tangu hapo sipiki, nakula nikikumbuka." Alisema akiitazama mikono yake. "Mshonaji amenipunguzia suruali hii mara mbili, mkacheka kwamba kitambaa ni kibovu, kinatanuka."

Ni kweli tulicheka. Tulikuwa tunakutana naye jioni tatu kila juma, watu tunaojisifu kwa kuijua mioyo ya watu, na mimi ndiye niliyejipa cheo cha kuona kila kitu.

"Sikujua," shangazi akasema. "Nilikuona tu. Nisamehe, nimechelewa."

Mwongozaji akaja haraka, jasho linamtoka. Akamshika shangazi mabega, akamwambia binti wa famasi ameshaaga na amekwenda zake. Kisha akasema, "Lile neno. Umekonda. Kesho uliseme palepale, kwa sauti ileile."

Shangazi alikuwa bado anamtazama fundi.

"Kesho nitamtazama kwanza," akasema. "Huenda atakuwa amekula."