Darubini ya Mchana na Usiku

Mume wangu alichukua miaka miwili kuchagua darubini. Mimi alinichagua kwa wiki mbili tu, na jambo hilo nimemkumbusha kila nilipopata nafasi.

Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Watu humwita Cheche, hata wadeni wake. Karakana yake iko mbele ya nyumba yetu, kwa hiyo mageti ya watu huegemea ukuta wetu mpaka rangi ikauke, na mimi nimezoea kuingia kwangu kwa ubavu. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, siku kipande cha chuma kiliporuka kutoka kwenye grenda. Tangu hapo kazi yote ilifanywa na jicho la kulia. Alilitunza jicho hilo kuliko anavyonitunza mimi, na sikuona wivu, maana ndilo lililokuwa likitulisha.

Ugonjwa wa darubini ulimwingia siku jua lilipopatwa. Majirani walipanga foleni kuazima maski yake, ile yenye kioo namba kumi na nne, cheusi kupita vyote. Yeye alitazama wa mwisho. Aliona jua la kijani, duara kabisa, limemegwa upande mmoja. Mtu aliyechezea moto maisha yake yote alikuwa ameuona moto mama. Usiku ule ule akaanza kuuliza kuhusu mwezi.

Akataka darubini moja ya kazi zote mbili, jua mchana na nyota usiku. Mwenye studio ya picha aliyekuwa akifunga duka lake alikuwa nazo mbili za zamani. Moja ilikuwa ya kioo cha kuakisi, pana kama sahani, bomba lake nene kama la maji machafu. Nyingine ilikuwa ya lenzi, nyembamba, mdomo wake sawa na wa kikombe cha chai. Cheche akawa anakwenda pale kila Jumamosi kuzipapasa. Yule mzee wa studio aliniambia kwamba wateja wengine huposa kwa haraka zaidi.

Mimi nilimwambia mshika mbili moja humponyoka. Anunue ya usiku, jua analiona kila siku bure. Hakunisikia. Ile pana, alisema, inakusanya mwanga mwingi, inafaa kwa nyota hafifu, lakini ukiihamisha vioo vyake hulegea na lazima uvipange upya. Tena kwa jua mwanga wenyewe ni wa kumwaga, upana wote ule wa nini? Ile ya lenzi ingeonyesha jua vizuri, na usiku ingetosha kwa mwezi na sayari. Nyota za mbali angezisamehe. Hapo ndipo nilipojua kwamba ameamua, kwa sababu alianza kusamehe vitu.

Kabla ya kuichukua tulikwenda kwa mwalimu wa jiografia, ambaye Cheche alimtengenezea madirisha. Mwalimu akasema amechagua vizuri kabisa. Kisha akasogeza kiti chake karibu, akasema jambo moja tu kwa uzito.

"Fundi, jua halitazamwi hivi hivi. Kizuizi kinakaa huku kwenye mdomo wa darubini, mwanga unapoingilia. Kamwe kisikae huku kwenye jicho."

Akatuonyesha picha ya karatasi maalumu, inayong'aa kama ya kufungia chokoleti, inayovishwa pale mdomoni. Ilikuwa ya kuagizwa kutoka nje. Cheche akaagiza, akashukuru, akaaga kwa adabu zote.

Njiani alicheka. Alisema mwalimu ni mtu mwema lakini hajawahi kushika moto. Fundi yeyote anajua kioo kinakaa karibu na jicho na mbali na moto. Ukikisogeza kwenye moto cheche zinakila, kinapasuka, na wewe umekwisha. Miaka thelathini kioo chake kilikaa vidole vitatu kutoka puani, na jicho lilikuwa zima. Nami nilicheka naye. Naliandika hili kwa sababu watu hunipa pole kama vile sikuwepo. Nilikuwepo, nilikuwa najivunia mume wangu, na nikasema, "Wenye vitabu hao."

Redio ikatangaza kwamba jua litapatwa tena, Jumatano. Karatasi haikuwa imefika. Alikwenda posta Jumatatu, akaenda Jumanne, akarudi mikono mitupu. Jumanne hiyo mchana niliona anakata bati. Alikuwa anatengeneza fremu ndogo ya kushikia kioo namba kumi na nne, ikae pale jicho linapowekwa. Alikwangua kingo zake kwa tupa mpaka zikawa laini, zisije zikamkwaruza jirani. Kazi ilikuwa safi sana. Nilimwambia kwamba ni safi, na akafurahi.

Jumatano aliisimamisha darubini uani, kwenye miguu yake mitatu. Majirani walikuwa wameambiwa waje saa tano. Saa nne na nusu akasema aijaribu kwanza. Aliinama, akazungusha kidogo, akatulia.

"Mama watoto, njoo," akasema. "Jua lina madoa. Nayahesabu."

Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake, wala siku ya harusi yetu. Nikaanza kufuta mikono. Kabla sijafika nikasikia kitu kikilia ta, mlio mdogo kama wa kiberiti. Akarudisha kichwa nyuma. Kioo kilikuwa na ufa katikati. Lenzi ile ilikuwa imelikusanya jua zima na kulimimina kwenye kioo kidogo kuliko kiganja, na kioo kikashindwa. Nilimuuliza kama ameumia. Akasema hapana, hata jicho haliwashi. Kweli halikuwasha. Macho ya fundi yakichomwa na kazi huwasha usiku kucha kama yamejaa mchanga, kwa hiyo sote wawili tukaamini hakuna kitu. Majirani walipokuja aliwapa maski ya zamani, wakapokezana, wakaenda zao.

Alasiri alichukua rula kupima bawaba, akaiinua juu, akaishusha, akaigeuza. Akaniuliza nani amefuta namba.

Daktari wa macho alichora duara kwenye karatasi, akalipaka wino katikati. Hapa pameungua, alisema, na hapa ndipo mtu anapoonea. Pembeni kutabaki. Tulirudi tena baada ya miezi mitatu, na duara lilikuwa lile lile. Cheche anaona mlango lakini haoni kitasa. Akinitazama anaona mabega na kilemba. Mageti mawili yaliyokuwa yameanzwa yalichukuliwa na fundi mwingine, na sasa tunaingia nyumbani kwa kupita katikati ya mlango.

Juzi jioni, kabla giza halijaingia, mwezi ulikuwa umeshapanda juu ya paa la jirani. Alitoa darubini, akaisimamisha kwa kupapasa. Akaielekeza kwa mikono yangu, kushoto kidogo, juu kidogo, mpaka mng'ao ukaingia. Akaniambia nitazame mimi.

Nikatazama. Niliona milima. Niliona mashimo yenye vivuli ndani yake, na kingo za vivuli zilikuwa kali kama zimekatwa kwa msumeno. Mwezi ulikuwa karibu mno, mzuri mno, na mimi sikuwahi kuutaka.

"Unaona nini?"

Nilikuwa na hasira. Sijui na nani, na mwezi labda. Sikuweza kumwambia mume wangu kwamba nimepewa mimi kile alichokilipia yeye kwa jicho lake.

"Ukungu tu," nikasema. "Mweupe mweupe."

Akapapasa bomba kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kama anatafuta ufa.

"Basi nilikosea kuchagua," akasema. "Tungechukua ile pana."

Alikuwa amechagua vizuri. Mwalimu alisema hivyo, na sasa nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Ningeweza kulirudisha neno langu pale pale. Yeye alikuwa ameshaanza kukunja miguu ya stendi, mmoja mmoja, akinieleza faida za kioo kipana.

Nikamwambia ndiyo, tungechukua ile pana.